Vyakula vya Sikukuu Alivyochagua Bi. Tatu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ile Mzee Kondo alipoingia uani kwetu Marui amejitwika ndoo ya sembe. Zilikuwa siku za mwishomwisho za mfungo, jua linachoma, kila mtu koo limemkauka, na yeye, mtu mzima mwenye duka na heshima zake, amebeba ndoo mwenyewe wakati angeweza kumtuma mtu. Nakuambia hili mapema ili nikifika mbele usije ukamchukia. Alikuwa mtu mwema yule, na mpaka leo nikimaliza kusali namwombea.

Msikiti wetu ulikuwa na desturi ya kukusanya vyakula kila Ramadhani inapoelekea ukingoni, kwa ajili ya nyumba ambazo sikukuu ingezikuta hazina kitu. Mzee Kondo ndiye aliyekuwa msimamizi. Mwaka ule nyumba ya kwanza kutajwa ilikuwa yetu. Baba alikuwa amefariki si muda mrefu kabla ya mfungo, mama amekaa eda, na shamba la mihogo lililokuwa linatulisha lilikuwa limeliwa na nguruwe pori kwa kuwa hapakuwa na mwanamume wa kulala shambani kulilinda. Mimi nilikuwa binti mkubwa, ndoa bado, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu wawili, Shabani na Zuhura. Jina langu Mwanaidi, kwa hiyo kijiji kizima kilimwita mama yangu Mama Mwanaidi.

Ndoo ile ilikuwa imejaa. Chini sembe, juu mfuko wa maharage, pembeni pakiti ya chumvi. Mzee Kondo aliitua barazani, akapiga hodi, akazungumza na mama kupitia pazia la mlango kama ilivyo adabu kwa mwanamke wa eda. Akampa pole upya, akamweleza kuwa watu wote wametoa kwa moyo mmoja. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye aliliona ndilo kubwa la siku. Alisema sikukuu tusihangaike hata kuwasha moto, kwa sababu msikitini watapika pilau na sisi tutaletewa sinia letu limeshaiva. Mama alimshukuru kwa adabu, akamwombea dua, na Mzee Kondo akaondoka anajifuta jasho, uso umemnawiri.

Mama akabaki ameshika pazia. Nikadhani anaona haya kulia mbele yangu, kumbe wala hakuwa analia. Alinigeukia akaniambia kesho yake niwachukue Shabani na Zuhura niwapeleke kwa mjomba wetu Maili Moja, wakale sikukuu huko, warudi siku zikishapita. Nikamuuliza, na wewe mama?

"Mimi nitafunga mlango wangu nilale," akasema. "Sikukuu mwaka huu haina haja na mimi."

Ili unielewe kwa nini maneno yale yalinikata maini, lazima nikueleze habari ya sahani. Kwetu, na nadhani hata kwenu, jirani akikuletea chakula, ile sahani yake huirudishi tupu. Unaiosha, unatia chochote ulicho nacho, hata kama ni ndimu, ndipo inarudi. Ramadhani ndiyo usiseme, sahani zinatembea kuliko watu. Tangu mfungo uanze majirani walikuwa wanatuletea futari, leo muhogo wa nazi, kesho magimbi, siku nyingine uji wa pilipili manga. Mama akawa anarudisha sahani zao na ndimu, maana mndimu wetu wa nyuma ya choo ulikuwa umezaa. Ndimu zikaisha, akatia pilipili mbuzi. Pilipili nazo zikaisha. Siku moja nikamkuta ameinama jikoni, sahani ya watu imo mkononi, imeshaoshwa, anaigeuza huku na huku, hana la kutia. Mwishowe akampa Zuhura aipeleke hivyohivyo.

Kuanzia hapo akawa anawaambia watoto, mtu akija na sahani mwambieni tumeshapika. Na hatukuwa tumepika. Tukawa tunafuturu maji na kipande cha muhogo kilichonusurika na nguruwe, na mama anakula kidogo kuliko sisi sote. Nguo zikaanza kumpwaya. Nilikuwa naogopa, mwanangu, sikufichi. Nilishamzika baba, na sasa nikawa namwona mama naye ananiondokea taratibu, na safari hii hakuna hata ugonjwa ambao ningeweza kusema tumpeleke hospitali.

Sasa sikukuu ndiyo siku ya sahani kuliko siku zote. Asubuhi baada ya sala, watoto wote wa Marui wanakuwa njiani, sahani kichwani imefunikwa kitambaa, hii inakwenda kwa fulani, ile inatoka kwa fulani. Na sahani ya mama yangu ilikuwa inasubiriwa. Alikuwa fundi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele, tui na iliki, unaopaliwa moto juu na chini mpaka unapata rangi. Wanawake wengine walikuwa wanaupika pia, sikatai, lakini wa mama ulikuwa laini mpaka wazee wasio na meno wanaugombania na wajukuu zao. Baba alikuwa anamtania kwamba alimuoa kwa ajili ya mkate, sura aliiona baadaye. Mtu wa namna hiyo ndiye sasa anataka watoto wake waondoke kijijini, wasije wakaonekana wanakula kwa watu na kwao hakutoki kitu.

Sikujua la kufanya, nikaenda kwa Bi. Tatu. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkubwa kwa mama, mjane wa miaka mingi, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukienda kwake na shida, kwanza unatukanwa, halafu unasaidiwa. Nilimkuta anachambua mboga, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimevimba macho kama niliyeumwa na nyuki. Nikamweleza yote, ndoo, sinia la pilau, na safari ya Maili Moja. Nilitegemea aende akamgombeze mama. Hakwenda kwa mama. Alitupa mboga kwenye ungo, akajifunga kanga ya pili, akaniambia nimfuate, tukaenda dukani kwa Mzee Kondo.

Mzee Kondo alimwamkia vizuri, akamkaribisha kiti. Bi. Tatu hakukaa. Alimuuliza mkewe sikukuu anapika nini. Mzee Kondo akasema pilau, na asubuhi vitumbua. Akaulizwa anawapelekea akina nani. Akaanza kutaja nyumba moja baada ya nyingine, akafika kwa Bi. Tatu mwenyewe, akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, sahani yake ipo.

"Na Mama Mwanaidi atatupelekea nini sisi?" Bi. Tatu akauliza. "Ugali?"

Mzee Kondo akaacha kucheka. Akasema kwa upole kwamba yule ni mfiwa, hakuna mtu atakayemdai sahani mwaka huu, wao walitaka apumzike tu.

"Amepumzika vya kutosha. Aliyekufa ni mumewe, mikono yake haijafa," Bi. Tatu akasema. "Mmempelekea chakula cha kumshibisha, mkasahau kwamba yule ni mwenye nyumba. Sasa anawafukuza wanawe siku ya sikukuu kwa sababu hana cha kuwatuma nacho kwa jirani. Hivyo ndivyo ulivyompumzisha, Kondo."

Sijawahi kumwona mwanamume mzima amenywea vile. Alishika ukingo wa meza ya duka, akaangalia chini. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama inabidi akaichukue ile ndoo. Bi. Tatu akamwambia aache ujinga, sembe watoto wataila, na maharage wataila, hakuna aliyeidharau sembe. Kilichotakiwa ni kuongeza. Na kwa kuwa vyakula vya mchango vilikuwa bado vimerundikwa nyuma ya duka vikingoja kugawiwa, akasema yeye ndiye atakayechagua.

Mwanangu, laiti ungekuwepo ukaona jinsi mwanamke yule alivyochagua. Mzee Kondo alifungua gunia la chenga, ule mchele uliovunjika. Bi. Tatu akatia mkono, akauacha umwagike katikati ya vidole, akamuuliza kama nyumbani kwake sikukuu watakula huo. Mzee Kondo akalifunga gunia lile mwenyewe, akafungua jingine. Nazi alizitikisa moja moja sikioni, akasema tui litakwenda kwenye mkate na vifuu, yale magamba yake magumu, vitakuwa moto wa kuupalia, kwa hiyo Mama Mwanaidi hatahangaika kutafuta mkaa. Hamira aliinusa, asije akabeba iliyolala. Sukari ikapimwa. Alipotaja iliki, Mzee Kondo akasema, dada, watu wengine hawana hata chumvi, iliki si itakuwa anasa? Bi. Tatu akamjibu kwamba mkate bila iliki mama asingeupeleka kwa mtu, angeula ndani na watoto wake kwa aibu, na hapo wangekuwa wamerudi palepale. Mzee Kondo akafungua kopo la iliki.

Na hapa ndipo nilipompenda yule mzee. Alipoelewa, alielewa moja kwa moja, na hakuona haya kufundishwa mbele ya binti mdogo kama mimi. Alianza kuongeza na yeye bila kuombwa, mara binzari, mara majani ya chai, eti mgeni akija atakula mkate na maji? Mwisho akaingia ndani kwake akatoka na chupa ya samli ambayo bila shaka ilikuwa ya mkewe, akaifunga kwenye gazeti haraka haraka kabla mwenyewe hajatokea.

Tulirudi wakati wa alasiri. Bi. Tatu aliingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, akatua mzigo chini, akamwambia mama kwamba vile ni vyake. Akipenda apike, akipenda avigawe vibichi, akipenda avifungie kabatini, yeye hataki kujua. Habari za dukani hakuzigusa. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akajifanya anapunga hewa na upande wa kanga.

Mama alivitazama vile vitu. Nilisimama mlangoni naomba dua moyoni. Akachutama, akafungua karatasi ya iliki, akanusa. Akashika mchele, akauangalia kwenye mwanga. Kisha akachukua nazi, akaitikisa, akachukua nyingine, na ya tatu akaitikisa mara mbili.

"Hii koroma," akasema. "Bi. Tatu, umeanza kuzeeka."

Bi. Tatu alikasirika, au tuseme alijitahidi kukasirika, akasema nazi zile kazichagua kwa masikio yake mwenyewe na hakuna koroma hata moja. Mama akaipasua palepale. Ilikuwa koroma kweli, bado haijakomaa. Wakaanza kubishana wale wanawake wawili juu ya nazi moja, na mimi nikatoka nje nikalia kwa furaha, kwa sababu tangu tumzike baba, mama alikuwa hajamkosoa mtu yeyote kwa kitu chochote. Niliporudi ndani alinitazama akaniuliza nimesimama nini wakati mchele haujalowekwa.

Safari ya Maili Moja haikutajwa tena. Siku iliyofuata hatukujua kama mwezi utaandama au la, lakini mama alisema potelea mbali, mkate ukikosa sikukuu tutafuturia. Mimi nilitwanga mchele mpaka mabega yakawaka, Zuhura akachekecha, Shabani akakuna nazi na kuiba machicha akisahau kwamba alikuwa ametuambia amefunga. Mama alikuwa ananusa rojo badala ya kuonja, kwa ajili ya swaumu, anaongeza tui kidogo, ananusa tena. Mkate wa kwanza ulikuwa bado uko motoni, vifuu vimewaka juu ya mfuniko, tuliposikia kelele za watoto kutoka upande wa msikitini kwamba mwezi umeonekana. Mama alikaa chini akajifunika uso na upande wa kanga, akamlilia baba. Alilia vizuri, kwa sauti, na sisi tukamwacha alie. Kisha akainuka akaenda kuangalia mkate usiungue.

Asubuhi alikata mikate akapanga sahani mwenyewe. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa Mzee Kondo, ya pili kwa Bi. Tatu, halafu kwa kila nyumba iliyotuletea futari, ikiwemo ile ambayo sahani yake ilirudi tupu, na mama alikuwa anazikumbuka zote. Shabani na Zuhura walitembea siku ile mpaka kandambili zikakatika, na kila walikokwenda walirudi na sahani imejaa pilau, vitumbua, maandazi. Lile sinia la msikitini nalo lilikuja kama Mzee Kondo alivyoahidi. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akahamisha pilau, akaliosha, akalipangia mkate kuanzia ukingo mpaka katikati, akalirudisha. Naambiwa Mzee Kondo alisimama mlangoni mwa msikiti akaligawa mwenyewe, na kila aliyemkatia kipande alimwambia umetoka kwa Mama Mwanaidi.

Sisi tulikaa chini kula, pilau ya nyumba saba tofauti kwenye sinia moja. Mama alikula. Alikula mpaka akaomba maji, akala tena.

Sasa nimezeeka, ninakaa hapa Visiga, na kila Ramadhani nawaona ninyi vijana wa Maili Moja mkizunguka madukani na maboksi ya kukusanya vyakula vya kupeleka vijijini kwetu Kisarawe. Nawapenda kwa hilo, wallahi nawapenda. Lakini juzi mjukuu wangu Hamisi alipitia hapa na boksi lake nikachungulia ndani. Kulikuwa na tambi zilizosagika, biskuti zilizopitwa na tarehe, na kopo la kitu ambacho maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Nikamuuliza, akanijibu, bibi, msosi ni msosi, watashukuru tu. Nikamwambia akae chini, nikamsimulia haya ninayokusimulia.

Mwanangu, kushukuru watashukuru. Hata mama yangu alishukuru, na Mzee Kondo akaenda zake akiamini mambo yamekwisha. Kwa hiyo usijipime kwa shukrani. Unapochagua cha kutia kwenye boksi, anza na kile cha kushibisha, unga, mchele, maharage, kiwe kizima, kiwe ni kile mnachokula kwenu, siyo kilichowashinda. Ukikiona huwezi kumwekea mkweo mezani, kirudishe kabatini au kitupe, usimpelekee mtu mwingine kazi ya kukitupa. Uliza watu wa huko wanapika nini na wanapikia moto gani, usije ukampa mtu chakula cha kuoka kwenye jiko la umeme na yeye ana mafiga. Halafu, na hili ndilo nililokuitia, ongeza kitu ambacho yule mtu ataweza kumkaribishia mwenzake. Sukari na majani ya chai. Nazi. Iliki, hata kama ni chache. Siku ya sikukuu mtu hafurahi kwa kushiba peke yake ndani. Anafurahi jirani akipita akaweza kumwita aingie.

Na ukiwa umekosea, akaja mtu wa mdomo mkali akakwambia, fanya kama Mzee Kondo. Usibishe sana. Fungua gunia jingine.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutoa na jicho la kumwona unayempa. Akukuzie riziki, akulindie mama yako. Na ikitokea siku nyumba yako nayo ikakosa, maana hakuna ajuaye, akuletee mtu atakayekupa kitu ambacho na wewe utaweza kukigawa.